Tunapomwambia Mungu "walipe": kilio cha haki cha Mkristo anayeonewa

Arusha ni mji wa mahakama. Kwa karibu miaka ishirini jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, lilikuwa makao ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu vinara wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015 kazi zake zilizosalia baadaye zikahamia Lakilaki, nje kidogo ya mji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa tangu 2007. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo iko hapa. Ongeza Mahakama Kuu na zile za mwanzo, na anayetafuta jaji Arusha hakosi mlango wa kubisha.

Na bado Ijumaa usiku, ukipita jirani na kanisa lenye mkesha, iwe Unga Limited au Njiro, au ukiwa Moshi upande wa Majengo na Pasua, utawasikia watu wazima wakilia wapatiwe haki. "Simama, Bwana, unitetee." "Walipe sawasawa na matendo yao." Jumapili asubuhi watu walewale wanainamisha vichwa na kusema, "Utusamehe makosa yetu, kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea." Swali linalorudi kila mara kwenye darasa la Biblia ni kama maombi hayo mawili yanaweza kutoka kinywa kimoja bila mtu kuwa mnafiki.

Majibu mawili ya haraka yamezoeleka. Wapole wanasema Mkristo haombi kulipiziwa, anasamehe, yameisha. Wa mikesha wanasema piga moto, rudisha mishale, adui asilione jua la kesho. Wale wa kwanza wanaikata Biblia nusu. Wale wa pili wanaisoma ile nusu iliyokatwa, lakini wamemwondoa humo Mungu anayeweza kusema hapana. Nadhani maombi ya haki yanaruhusiwa, tena yanahitajika, na sharti lake gumu liko hapo kwenye hiyo "hapana".

Waliokufa nao wanalia

Tuanzie mahali ambapo mahubiri yetu huparuka haraka, Ufunuo sura ya 6. Muhuri wa tano unapofunguliwa, Yohana anaona chini ya madhabahu roho za watu waliochinjwa kwa ajili ya neno la Mungu. Wanalia kwa sauti kuu: "Ee Mola, Mtakatifu, Mwenye kweli, hata lini kutokuhukumu, wala kuipatia haki damu yetu kwa hao wakaao juu ya nchi?"

Tazama walipo. Wameshatoka duniani, hakuna askari wa Rumi anayeweza kuwagusa tena. Kama kiu ya haki ingekuwa udhaifu wa mwili, jambo la hasira na usingizi mbaya, hawa wangekuwa wameshapona. Lakini wanalia, tena mbele za Mungu, na hakuna malaika anayewakemea wala mzee wa kuwaambia yaliyopita si ndwele. Wanapewa kila mmoja nguo nyeupe, wanaambiwa wastarehe bado muda mchache, hata itakapotimia hesabu ya ndugu zao watakaouawa vilevile.

Jibu hilo halipendezi. Linasema malalamiko yamepokelewa, mlalamikaji hana hatia, na kuna wengine watakaokufa kabla ya siku ya kusikilizwa. Waliolisikia mara ya kwanza walikuwa makanisa saba ya Asia chini ya dola ya Rumi, na wale wa Pergamo walikuwa na jina la mtu wao kichwani: Antipa, ambaye kitabu hichohicho kinasema aliuawa kwao. Kwao "hesabu itimie" ilimaanisha pengine mimi, pengine mwanangu.

Zaburi zina ukali kuliko huo. "Ee Mungu, uyavunje meno yao vinywani mwao," inasema ya 58. Ya 109 inataka siku za adui ziwe chache na kazi yake aitwae mwingine. Ya 137, ile tunayoiimba vizuri sana mpaka kwenye mito ya Babeli, inaishia kwa watoto wachanga wa adui na mwamba. Mwaka 1971 Kanisa Katoliki lilipotoa Liturujia ya Vipindi, yaani sala zake za kila siku, iliyofanyiwa marekebisho, zaburi tatu ziliachwa kabisa, ya 58, ya 83 na ya 109, pamoja na mistari kadhaa ya zaburi nyingine, kwa kuwa ilionekana zinawapa ugumu wanaosali. Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuwacheka. Hatukuzifuta, tunaziruka tu kimyakimya.

Mlutheri mmoja hakuiruka. Julai 1937, siku chache baada ya mchungaji Martin Niemöller kukamatwa na serikali ya Hitler, Dietrich Bonhoeffer aliwahubiria wanafunzi wake wa uchungaji kutoka Zaburi ya 58. Alianza kwa kuuliza nani ana haki ya kuomba maneno ya kutisha hivyo. Sisi hatuna, alisema, kwa sababu nasi tuna hatia, na tukiyatamka kwa jina letu tunajihukumu wenyewe. Mwenye haki ya kuyaomba ni asiye na dhambi, yaani Kristo, na hasira ya Mungu iliyoombwa ndani ya zaburi ilimwangukia huyohuyo msalabani. Kwa hiyo anayeiomba zaburi hii lazima apite msalabani kwanza, na akipita pale anamkuta adui yake naye amefunguliwa mlango. Bonhoeffer alinyongwa Aprili 1945. Hakuwa mtu wa kuongea habari za maadui akiwa amekaa kivulini.

Nani anashika jalada

Mstari unaonukuliwa zaidi kuwanyamazisha wenye uchungu ni Warumi 12:19: msijilipize kisasi. Husomwa mpaka hapo, Biblia ikafungwa. Lakini Paulo anaendelea: "bali ipisheni ghadhabu ya Mungu, maana imeandikwa, Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Hakusema deni limefutwa. Alichokataza ni wewe kuwa mlalamikaji, mpelelezi, hakimu na bwana jela kwa wakati mmoja. Ni kama jalada la kesi: limetoka mezani kwako likaenda kwa mwingine, nawe huna ruhusa ya kwenda usiku kubadilisha karatasi zilizomo. Ndiyo maana mstari unaofuata unaweza kusema adui akiwa na njaa mlishe. Mtu aliyeachia jalada mikono yake iko huru kubeba sahani. Anayelishikilia bado hawezi.

Sasa, ukisoma sura ya 12 na kuacha ya 13, unafanya kosa jingine. Humo Paulo anaiita serikali mtumishi wa Mungu anayebeba upanga dhidi ya atendaye mabaya. Naye hakuishia kwenye nadharia. Kule Filipi walimchapa viboko bila kumhukumu, na kesho yake wakuu wa mji wakatuma ujumbe aondoke kimya. Akakataa, akataka waje wenyewe wamtoe hadharani. Kaisaria alidai rufani kwa Kaisari. Huyu ndiye aliyeandika "msijilipize kisasi", na hakuona mgongano wowote kati ya maneno hayo na kutumia sheria ya nchi mpaka mwisho wa uwezo wake.

Nalisema hili kwa sababu katika mkoa wa Kilimanjaro neno "mwachie Mungu" mara nyingi hutoka kinywani mwa mtu asiyefaa. Mume anafariki, matanga hayajaisha, shemeji ameanza kupima kihamba, shamba la ukoo, kwa hatua. Mjane akisema ataenda barazani, ukoo unakaa, na kuna mzee wa kanisa katikati yao, anaambiwa kwa upole kwamba Mkristo hashitaki ndugu, amwachie Mungu. Aliyesema hivyo hajamwachia Mungu chochote. Amemwachia shemeji.

Yesu mwenyewe alichagua mjane kuwa mfano wa maombi. Luka 18 inamtaja mwanamke anayemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu, na ombi lake ni moja: "Nipatie haki na adui wangu." Anarudi mpaka kadhi anachoka. Yesu hakumwambia huyo mama asamehe aende nyumbani. Alisema hivyo ndivyo wateule wanavyomlilia Mungu mchana na usiku. Basi anayetoka kwa balozi akaenda baraza la kata, akatoka kata akaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na usiku akapiga magoti, hajawa na imani pungufu. Anafanya jambo moja katika nyumba mbili.

Damu ya Akeri

Hadi hapa mambo yamekuwa mepesi kwa sababu tumedhani tunajua nani mwonevu na nani mwonewa. Mlima Meru unatuharibia hesabu hiyo.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri kutafuta mahali pa kujenga kituo. Walikuwa vijana waliotoka pwani ya Baltiki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwaua kwa mikuki, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kanisa linawakumbuka kuwa mashahidi, na wamezikwa Akeri.

Lakini wiki hiyohiyo Kapteni Johannes, mkuu wa ngome ya Wajerumani Moshi, alikuwa na kikosi chake jirani na hapo. Kwa macho ya mpiganaji wa Kimeru, mzungu mwenye Biblia na mzungu mwenye bunduki walikuwa wamepanda mlima kwa njia moja na msimu mmoja. Waliouawa waliuawa kwa sababu ya Kristo, au kwa sababu ya Kaisari wa Berlin? Waraka wa kwanza wa Petro unataka tutofautishe: mtu wa kwenu asiteswe kama mwuaji au mwivi, au ajishughulishaye na mambo ya watu wengine, akiteswa kama Mkristo asione haya. Ovir na Segebrock hawakuja kupigana, na sitawavua ushahidi wao. Ila Wameru nao hawakuwa wakipigana na Injili ambayo walikuwa hawajaisikia.

(Kipimo hicho cha Petro kingetusaidia leo pia. Wanafunzi wa Garissa waliochaguliwa kwa dini yao wakauawa Aprili 2015, katika shambulio lililoua watu 148, waliteswa. Kanisa lililofungiwa spika kwa sababu mtaa mzima haulali toka Jumatano halikuteswa. Halikupendwa na majirani, na majirani walikuwa na hoja.)

Kilichofuata Meru ndicho kinachotuhusu zaidi. Damu ya wale wawili haikuachwa mikononi mwa Mungu hata mwezi. Johannes alikuja na askari wake na wapiganaji wengi wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wengi wakafa ambao hawakuwa wamemgusa mmisionari yeyote. Miaka mitatu na ushei baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani waliwanyonga Old Moshi viongozi 19 wa Wachaga, Wameru na Waarusha kwa tuhuma za kupanga uasi. Miongoni mwao Mangi Meli wa Old Moshi, Molelia wa Kibosho na Lobulu wa Meru. Familia ya Meli inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin vilionyesha kwamba fuvu moja lililohifadhiwa huko ni la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa wakati wa ukoloni.

Weka sasa Ufunuo 6 juu ya meza hiyo. "Hata lini kuipatia haki damu yetu?" Nani anauliza? Kaburi la Akeri linaweza kuuliza. Mjukuu anayetafuta fuvu la babu yake anaweza kuuliza pia, naye ni mtu wa Biblia hiyohiyo, kwa sababu wajukuu wa waliochomewa migomba ndio walioijaza misa na ibada za milima hii. Leipzig walirudi Meru mwaka 1902 wakajenga Nkoaranga, na 1904 wakaanza Ilboru kwa Waarusha. Sijui mfano mzuri zaidi wa kwa nini Paulo alitaka jalada liondoke mikononi mwetu. Hukumu iliyotolewa na Johannes ilijibu damu ya watu wachache kwa damu ya wengi, na ikaacha kesi mpya ambayo haijafungwa baada ya miaka zaidi ya mia.

Nusu karne baadaye Wameru hao, wakiwa Wakristo, walikuwa upande wa kuonewa. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Engare Nanyuki watu wapatao 3,000 ili kuwapisha walowezi wa mifugo, nyumba zao zikatiwa moto. Hawakushika mikuki. Walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York, kwenye Umoja wa Mataifa, mwaka 1952, akiwa na wakili Earle Seaton aliyefanya kazi zake Moshi. Hoja yao ilisikilizwa na dunia nzima, ila haikupata theluthi mbili za kura. Hawakushinda siku hiyo, lakini walikuwa wamefanya kama yule mjane wa Luka, na hakuna ng'ombe wa mtu aliyeswagwa kwa jina la Mungu.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru wakagawanyika wao kwa wao, wengine wakitaka kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi, wengine wakikataa. Vurugu zilimwaga damu kabla na baada ya Dayosisi ya Meru kuzaliwa mwaka 1992. Pande zote mbili zilikuwa na Zaburi zilezile kwenye kurasa zilezile, na sipendi kufikiria ya 109 ilisomwa mara ngapi miezi ile, na ikimtaja nani.

Chungu kilichovunjwa

Hapa ndipo tofauti inapobidi isemwe wazi. Wameru, Waarusha na Wachaga wanajua kuvunja chungu. Mali imeibwa au mtu ameuawa, mhusika hajulikani au amekana, wazee wanakaa, maneno yanatamkwa, chungu kinapasuliwa: aliyefanya hili naye apasuke, yeye na uzao wake. Mjini wengine hutishia kusoma Albadiri. Na Mkristo ambaye asingeonekana kwenye kikao cha wazee hata kwa fimbo anafunga mlango saa tisa usiku, anasoma Zaburi 109 mara saba, anataja jina la bosi wake.

Nitawatetea wazee kidogo. Kwa desturi chungu hakivunjwi kwa chuki ya mtu mmoja. Kuna kikao, kuna kujadiliana, na mkosaji akijitokeza akakiri na kulipa kuna njia ya kuiondoa laana. Baadhi ya mikesha yetu haina hata utaratibu huo. Jina linatajwa, moto unaitwa, na mhusika hajawahi kuulizwa upande wake.

Ila chungu na zaburi ya saa tisa vina ugonjwa mmoja, kwamba matokeo yamepangwa na mwombaji. Katika Biblia, anayepeleka kesi kwa Mungu hapangi hukumu. Yona aliijua hatari hiyo mapema ndiyo maana alipanda merikebu ya kukimbilia upande mwingine. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuri, watu wakatili kwa taifa lake, na alijua kwamba akiwahubiria wakatubu, Mungu angewasamehe. Wakatubu. Yona akakasirika kiasi cha kutaka kufa. Maombi ya haki yana hatari hiyo ndani yake: unaweza kumshitaki mtu kwa Mungu, ukamkuta mwaka kesho amekaa benchi la mbele, ameokoka, anatoa sadaka kuliko wewe.

Hatari ya pili ni kwamba jaji anaweza kukugeukia. Zaburi 139, ile nzuri ya "umenichunguza na kunijua", ina kipande tusichokisoma kwenye harusi: mwandishi anatamani Mungu awafishe waovu, anasema anawachukia kwa ukomo wa chuki. Mstari unaofuata anageuka na kuomba achunguzwe yeye, aangaliwe kama kuna njia iletayo majuto ndani yake. Anayeweza kuomba sehemu ya kwanza bila ya pili anavunja chungu tu kwa Kiswahili cha Biblia.

Olasiti, na neno kusamehe

Tarehe 5 Mei 2013, siku ya uzinduzi wa parokia mpya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, bomu lilitupwa katikati ya waumini. Balozi wa Papa alikuwapo pamoja na Askofu Mkuu Josaphat Lebulu. Watu watatu walipoteza maisha na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Miezi michache kabla, Februari 17, Padri Evarist Mushi alikuwa amepigwa risasi Zanzibar akienda kusalisha misa.

Baada ya jambo la namna hiyo, ombi gani linafaa Jumapili inayofuata? Stefano alipokuwa akipigwa mawe alisema, "Bwana, usiwahesabie dhambi hii." Roho za chini ya madhabahu zinasema kinyume, zinataka wahesabiwe. Wengi huona hapo Agano Jipya linajipinga.

Mimi sioni hivyo. Stefano alikuwa anasamehe kilicho chake, mwili wake, mawe yaliyompiga yeye. Hakuna aliyempa mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mtoto wa mtu mwingine. Mama aliyepoteza binti Olasiti anaweza kufika siku ya kusamehe, pengine miaka mingi baadaye, pengine asifike. Jirani hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake, wala mhubiri kumharakisha. Na kusamehe kwenyewe ni kuacha kumdai mtu kwa mkono wangu. Hakumfungulii pingu. Mtu anaweza kumsamehe aliyelipua bomu na bado akasimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi yake, bila kupunguza chochote pande zote mbili. Februari 2015, Wakopti 20 na Mghana mmoja walipochinjwa ufukweni mwa Libya, ndugu wa waliouawa walisema mbele ya kamera kwamba wamewasamehe wauaji. Kanisa lao liliwatangaza kuwa mashahidi, yaani liliandika jinai hiyo kwenye kalenda yake isisahaulike kamwe. Kusamehe na kuandika vilikaa pamoja.

Lazima pia tujue nani anashitakiwa. Arusha ni mji ambao familia moja ina Halima na Hilda mezani pamoja sikukuu zote nne. Mtu aliyegeuza kilio cha Olasiti kuwa kilio dhidi ya Waislamu alishitaki watu wasiohusika, na mbele ya Mungu mashitaka ya uongo nayo ni kosa.

Mbona anakawia

"Malipo ni hapa hapa duniani," tunasema matangani, na huwa tunasema kwa uhakika mkubwa. Mahakama ile ya AICC inatuambia tusiwe na uhakika hivyo. Ilifungua mashitaka dhidi ya watu 93, ikawatia hatiani 62. Iliweka historia Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu alipokuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Lakini Félicien Kabuga, aliyeshitakiwa kwa kufadhili mauaji hayo, alijificha miaka 26. Alikamatwa Ufaransa mwaka 2020 akiwa mzee, na mwaka 2023 majaji wakaona akili yake haiwezi tena kufuatilia kesi. Protais Mpiranya, aliyetafutwa miaka na miaka, ilithibitika mwaka 2022 kwamba alishafia Zimbabwe tangu 2006.

Anayeamini kwamba hakuna hukumu zaidi ya hizi za kwetu inabidi akubali kwamba watu hao wamepita. Hapo ndipo imani ya hukumu ya mwisho inapofanya kazi yake: inasema kaburi si mahali pa kujificha. Kwa asiyewahi kuonewa fundisho hilo linasikika kama kitisho. Kwa aliyekosa jaji, pengine ndiyo habari njema peke yake anayoweza kuishika.

Waraka wa pili wa Petro unaeleza kukawia kwa namna nyingine: Bwana anavumilia, hapendi mtu yeyote apotee. Ni kweli, ingawa aliyelala nje na watoto hafarijiki kusikia kwamba aliyemchomea nyumba anaongezewa muda wa kutubu. Sidhani maandiko yanamtaka afarijike. Yanamruhusu kuuliza tena "hata lini", kama Habakuki alivyouliza na hakupigwa.

Na kesi za Rwanda zilituonyesha jambo ambalo mikesha yetu haipendi. Athanase Seromba alikuwa padri wa Nyange. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake, na kanisa likabomolewa kwa buldoza juu yao. Mahakama ya Arusha ilimhukumu, na kwenye rufaa mwaka 2008 adhabu ikawa kifungo cha maisha. Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji Msabato, naye alihukumiwa hapa mwaka 2003, miaka kumi. Waliolia Nyange walikuwa wabatizwa, wakilia kwa Mungu wa padri wao, dhidi ya padri wao. Tukisema "watesi wa kanisa" tunaangalia nje ya ukuta. Petro alisema hukumu itaanza katika nyumba ya Mungu, na majaji wale waliingia humo.

Mwisho kuna swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini baada ya kipindi: ni dhambi kufurahi adui akifungwa? Tertuliano wa Karthago, karne ya pili ikielekea ya tatu, aliwaandikia Wakristo kwamba waache maonyesho ya kipagani, siku ya mwisho wataona onyesho kubwa zaidi, watawala wakiungua. Ninaelewa alikotoka, aliishi wakati watu wakitupiwa simba, lakini siwezi kumfuata. Mithali 24 inasema usifurahi adui yako aangukapo. Kufurahi kwamba haki imetendeka, kwamba kihamba kimerudi, kwamba jina la marehemu limesafishwa mbele ya watu, hilo ni halali, imbeni Zaburi. Kufurahia mateso ya mfungwa ni kulichukua tena jalada nyumbani.

Kwa hiyo sharika na parokia zetu zinaweza kuanza na kidogo. Zaburi zilizorukwa zisomwe hadharani, mchana, mbele ya wote, si chumbani saa tisa na jina la mtu. Sala ya kanisa itaje kesi kama inavyotaja wagonjwa. Na Jumatano mjane anapokwenda barazani, yule mzee wa kanisa aliyemwambia amwachie Mungu apande naye daladala, akae naye benchi mpaka jina lake liitwe, na akiulizwa alichokiona kwenye kile kikao cha ukoo, akiseme.